Nyota Iliyotoroka Zamu

Kijiwe chetu kiko Voi, kwenye ukuta wa duka la mbolea karibu na soko: benchi moja refu, na dele la kahawa la Hashil juu ya makaa. Mimi wananiita Satelaiti, kwa kuwa hakuna jambo la chini wala la juu ambalo sijaliona kabla ya wengine, na nakuomba usiwaulize wenzangu wa benchi maoni yao. Alasiri moja kila mtu alikuwa amekasirika. Mzee Ngui wa Kasigau alifika akitoka kupiga ripoti ya ndovu kwa watu wa wanyamapori, na nyuma yake Festus, jirani yake, baba wa watoto wawili. Hawa wawili hulinda mashamba usiku kwa zamu juu ya dungu, lile jukwaa la miti. Mmoja akikesha, mwingine analala nyumbani, na kila wiki wanabadilishana nani ashike zamu ya kwanza. Juzi ndovu waliingia wakala pojo na mahindi yote ya Ngui. Basi Ngui, ambaye ndiye mwenyekiti wa ulinzi, akaamua: Festus afukuzwe, na shamba la mamake, Wakesho, lisilindwe na mtu tena. Shamba lisilolindwa kule Kasigau ni sawa na kumwandalia ndovu meza.

— Huyu alilala! Ngui alifoka, kahawa ikimmwagikia gotini. Kazi yake ilikuwa kuniamsha nishike zamu ya pili. Nimeamshwa na ndovu akivunja choo changu!

— Sikulala, mzee, Festus alisema. Nilikuwa nangoja nyota izame ndio nije kukuamsha. Sasa nyota yenyewe haikuwepo.

— Mnamsikia? Eti nyota haikuja kazini!

Hashil akaacha kumimina.

— Hebu ngojeni kwanza. Nyie mwabadilishana zamu kwa nyota? Na simu zenu ni za nini?

— Simu ndizo zilituharibia, Ngui akajibu. Mtu wa zamu ya kwanza anasogeza saa mbele, anakuja kukugongea ndio kwanza umefunga macho, anakuonyesha kioo: ona, saa nane hii. Nikasema basi! Tukachagua nyota moja nyekundu. Ikigusa bega la mlima, zamu imeisha. Nyota haina mahali pa kubonyeza.

— Na ilikuwa inawaka vizuri? nikauliza.

— Tulipoichagua iliwaka kama sigara ya mtu mwenye hasira.

— Halafu ikaanza kufifia, Festus akasema. Kila zamu ya kwanza ikinirudia, naikuta imepungua. Nilikwambia, mzee. Ukasema nikanunue miwani.

Hapo akaingilia Muasya, ambaye hutengeneza redio na tunamwita Fundi Waya.

— Hiyo ni betri. Mwanga ukipungua polepole, betri inanyonywa. Na anayeinyonya namjua! Ni zile mashine za kutafuta madini ya chuma kule Kishushe. Zinavuta chuma. Na nyota nyekundu ni nini, kama si chuma kilichopashwa moto?

— Astaghfirullah! Hashil akashika dele lake. Leo wavuta nyota, kesho watavuta vyombo vyangu?

— Wameshaanza! Unadhani mdomo wa hilo dele ulipindwa na nani?

— Na mimi nikidhani ni mjukuu wangu! Nimemchapa bure mtoto wa watu!

Nikaona ujinga umepita kiasi. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini niliwahi kumbebea mgeni mmoja darubini mpaka juu ya milima ya Mbololo, begani, na nusu ya njia nikambeba na mgeni mwenyewe. Huko juu alinifundisha yote.

— Sikilizeni, nikasema. Hiyo nyota inapumua. Inavimba, inanywea, inavimba tena.

— Inapumua na pua gani? Muasya akauliza.

— Weka sufuria ya maharagwe motoni, ifunike. Mvuke unajaa, unainua mfuniko, unatoka. Mfuniko unashuka, mvuke unajaa tena. Ile nyota nayo ndani ina tabaka linalozuia joto kama mfuniko. Joto likijaa, inavimba. Likitoka, inanywea. Ikishavimba sana inapoa, inafifia mpaka jicho haliioni. Ukingoja kama miezi kumi na mmoja, hiyo inarudi kuwaka.

— Miezi kumi na mmoja! Ngui aliruka. Kwa hivyo huyu angeniamsha mwaka ujao?

— Ziko nyingine zinazopumua kwa siku chache tu. Kuna jamii moja ambayo, kadiri nyota inavyopumua polepole, ndivyo mwanga wake ulivyo mwingi. Wasomi wakipima pumzi zake wanajua iko mbali kiasi gani. Lakini yenu ni zee, tena pana. Ukiiweka mahali pa jua, sisi hapa Voi tungekuwa tumboni mwake, na dele letu.

— Voi tu, ama na Mombasa? Hashil akauliza.

— Na Mombasa!

— Basi huo ni uongo, Muasya akakata. Kitu kikubwa hivyo kinapoteaje? Mimi ningekuwa mkubwa hivyo, nisingemzimikia mtu yeyote!

Ngui alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka.

— Sitaki kusikia! Nani aliruhusu nyota inayozimika ikae juu ya shamba la mtu, bila hata kibao cha kuonya? Na sasa mnataka lawama ipande mbinguni, huyu abaki hapa anakunywa kahawa?

— Mzee, nipe adhabu nyingine, Festus akasema. Mama hana shamba lingine. Nikitoka kwenye ulinzi, nani atamlindia?

— Aiombe nyota!

Benchi zima lilinguruma.

— La, Mwenyekiti, Hashil akasema. Hilo neno halifai kwa mama wa mtu.

Wakati huo alikuwa amefika Pauline, mkewe Ngui, na kikapu cha vitunguu kutoka sokoni. Alikaa ukingoni mwa benchi akasikiliza mpaka kelele zikapungua.

— Festus, hii zamu ya kwanza uliianza lini?

— Usiku ule ule wa ndovu, mama. Nilipotazama tu, nyota haipo hata chembe.

— Na wewe Satelaiti, unasema haizimiki ghafla?

— Ghafla wapi! Inafifia wiki kwa wiki.

— Basi wiki iliyotangulia wa zamu ya kwanza ulikuwa wewe, Baba Sylus. Ulikuwa ukimwamsha Festus kwa kuangalia nini?

Muasya alichunguza kucha zake. Hashil akatikisa dele, likatoa mlio wa machicha ya kahawa. Mimi jibu nilikuwa nalo, ila sipendi kuvunja ndoa za watu. Festus alimtazama Ngui kama mtu anayekumbuka, mmoja mmoja, usingizi wake wote uliokatwa.

Ngui akavaa kofia.

— Jua linashuka. Festus, washa pikipiki tuwahi dungu.

— Niwahi dungu gani, mzee? Si nimefukuzwa?

Ngui akageuka, macho yamemwiva kwa hasira, akatukagua benchi zima.

— Amefukuzwa? Na nani? Nyinyi watu wa Voi, nani amemfukuza kijana wangu?