Ubao wa Hadassa

Ndugu Hervé, kabla sijakuomba ninachotaka kukuomba, nianze na kosa langu. Jumamosi ile iliyopita nilimdanganya Hadassa, binti wa dada yake Mauwa, na uongo wenyewe nikauvika jina la Mungu. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitakwenda naye Limburg kumshikia ubao. Asubuhi nikamwandikia kwamba nimefunga, niko katika maombi. Saa ileile nilikuwa nyumbani ninakula sombe na samaki, nimefunga dirisha kwa sababu ya mvua.

Labda hujui ubao ni nini. Katika mbio za pikipiki za mchangani kila mkimbiaji ana mtu wake pembeni ya njia, na mtu huyo anamwandikia ubaoni: uko wa ngapi, imebaki mizunguko mingapi. Pikipiki arobaini zinachanganyika, wa kwanza wanawapita wa mwisho, miwani imejaa mchanga. Bila ubao huwezi kujua kama uko wa tatu au wa thelathini.

Sasa Jumatatu jioni tulikuwa kijiweni petu hapa Brussels, Schaerbeek, lile benchi mbele ya laverie, duka la mashine za kufulia, pale tramu inapokata kona. Mauwa alikuwa ametoka kazini, kule anakowaosha wazee, na thermos yake ya kahawa. Ghislain alikuwepo, huyu tunayemwita Carburateur kwa kuwa alitengeneza mota kule Likasi, kwetu Congo, ijapokuwa leo analinda mlango huko Schuman, kwenye ofisi za Ulaya. Na Yusufu wa Bujumbura, jina lake Ministre, yaani waziri, kwa kuwa anafagia ofisi wanamokaa wakubwa. Mimi, unajua, wananiita Diacre, shemasi, kwa ajili ya ufunguo wa chapelle, kanisa letu dogo, unaoning'inia shingoni. Hadassa mwenyewe alikuwa ndani ya laverie, nyuma ya kioo, anangoja mashine. Miguuni petu kulikuwa na mchanga mweupe. Mwenye laverie alimkataza Hadassa kufua nguo za mbio kabla ya kuzikung'uta, maana mara ya kwanza mashine ilitapika mchanga siku mbili.

— Arobaini yote, alisema Mauwa akimimina kahawa. Na yeye wa sita. Mutoto wa Lubumbashi, tena na moto, pikipiki ya kuazima kwa club.

— Wa sita ni mzuri, alisema Ministre.

— Ni muzuri, lakini batano ya kwanza njo banaenda finale. Kama Jumapili hii, ile chance ya mwisho, haingie mu batano, Jumatano anapanda ndege. Anarudia kwao.

— Miye niko na swali moja, alisema Carburateur. Tumeona ile video club ilituma kwa telefone yako, Maman Mauwa. Tour ya mwisho, ule muzunguko wa kumaliza, ule mutoto wa hapa, Flamand wa tano, alikuwa mbele yake hapa tu, kama miye na ile poteau ya taa. Alikuwa amechoka, kichwa chini. Hadassa hakumufuata. Juu ya nini?

— Anasema alichoka.

— Achoke? Ule mutoto? Wiki ya kwanza alianguka mara kumi na moja siku moja, na akaomba bamuache azunguke tena.

Hilo ni kweli, Hervé, na ni vizuri ulijue. Kwao alizoea udongo mwekundu, mgumu, unaokushika. Huku mchanga ni mzito kama unga wa bukari, ugali wetu, kabla haujaiva. Alituambia hivi: njia unayoiacha sasa, ukirudi baada ya dakika mbili huikuti tena, ni mashimo mengine. Watoto wa hapa wanapanda pikipiki tangu miaka minne. Yeye ana kumi na tisa, na club iliyomwalika ilimpa wiki sita tu za kujifunza. Mauwa alimkuta siku moja anakunywa chai kwa kushika kikombe na vifundo vya mikono, maana viganja vilikuwa malengelenge matupu. Kesho yake akaenda tena.

— Bon, alisema Carburateur. Basi ni moto. Ile moto ni ya hapa hapa, imekomalia mu mikono ya baflamand. Iliona ndugu yake mbele, ikamupa heshima. Asiyesikia la mukubwa huvunjika muguu.

— Moto ina mukubwa? aliuliza Mauwa.

— Kila kitu iko na mukubwa.

— Nyinyi mnaongea bila dossier, alisema Ministre, akaweka kikombe chini. Mimi ghorofa ya nne nafagia, naona makaratasi. Ule mchanga hauhami wenyewe. Chini kuna mipira kama ya maji, mirefu, inasukuma. Mgeni akikaribia, mashimo yanakuja upande wake. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

— Ministre, ile ni course, ni mbio.

— Ndiyo maana nawaambia.

— Miye naona ni bukari, alisema Mauwa. Nilimupikia kubwa, kilo nzima. Flamand anakula ndizi moja. Donc mutoto alikuwa muzito.

— Hapana, hapana, alisema Carburateur, sasa amesimama. Bukari inampa nguvu, ni mota ile njo inakunywa bière. Munajua benzini ya hapa banachanganya na pombe ya betterave, ile mizizi ya sukari? Ile moto ililewa. Tour ya kwanza ina furaha, tour ya mwisho inataka kulala.

Ministre alikubali kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeliona karatasi la jambo hilo pia.

Mimi nilimtazama Hadassa nyuma ya kioo, anakwangua buti zake kwa kijiko cha zamani, na nikaomba moyoni tramu ipite, wabadili mazungumzo. Tazama jinsi moyo wa mtu ulivyo: hata hapo nilikuwa ninamwomba Mungu anifiche.

Ndipo akaja mama mmoja na kikapu cha nguo. Anaitwa Pétronille, amehamia mtaani kwetu juzi kutoka Ganshoren, hatukuwa tunamjua. Alikaa mwisho wa benchi kungoja mashine, Mauwa akampa kikombe na habari ya wiki sita za Hadassa, naye akasikiliza mpaka betterave ikaisha.

— Pardon, alisema. Kati yenu, nani alikuwa kule?

Tramu ikapita kweli. Ilipokwisha kupita, swali lilikuwa bado limekaa palepale.

— Nilikuwa kazini, alisema Mauwa.

— Nilikuwa na mulango, alisema Carburateur.

Ministre alitazama dari ya mbingu.

— Wiki sita zote? Hata mara moja? aliuliza Pétronille. Alors, mutoto alikimbia mbele ya nani?

Nikavua kofia.

— Hakuchoka, nilisema. Aliniandikia usiku uleule kwamba alifikiri yuko wa kumi na mbili. Hakujua kwamba yule mbele yake ni wa tano, na kwamba amebaki mtu mmoja tu. Kazi ya kumwambia ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeahidi kushika ubao.

— Diacre, alisema Mauwa. Ulikuwa wapi?

— Nyumbani. Nilimwambia nimefunga. Nilikuwa ninakula sombe.

— Na pilipili? aliuliza Carburateur.

— Na pilipili.

Mauwa akafunga kifuniko cha thermos, akaikaza. Kahawa ilikuwa bado nusu.

Hadassa alitoka na nguo zake zilizolowa ndani ya mfuko. Mauwa hakumpa hata nafasi ya kusalimu.

— Ulijua ulikosa ubao juu ya Diacre?

— Nilijua, maman.

— Na ulituambia ulichoka.

— Nilichoka pia.

Hervé, huyo ni mtoto niliyemzidi miaka arobaini, na alinifunika siku mbili mbele ya watu wangu. Nikamwambia basi ukweli ambao hata wewe sijawahi kukuambia. Niliacha shule darasa la tano. Kufunga kulikuwa kisingizio. Niliogopa kusimama kati ya wale baba wa Kizungu wenye saa mkononi, kuhesabu sekunde na kuzitoa haraka haraka, watu wakinitazama.

Alinisikiliza. Akaweka mfuko chini.

— Papa Constant, hesabu monsieur wa club atakufanyia, atakupigia kelele ile namba. Weye andika place yangu, niko wa ngapi. Chiffre moja, kubwa. Ile ingine nitafanya miye.

Tangu jana ninaandika sita na tano nyuma ya kalenda ya kanisa, kubwa, mpaka mke wangu ameuliza kama nimeanza kucheza loto. Carburateur amebadilisha zamu yake. Ministre anakuja na mwavuli, anasema atachunguza ile mipira chini ya mchanga. Mauwa na Pétronille watabeba thermos mbili. Tunaondoka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa hiyo ninakuomba, ndugu yangu. Huu hapa ufunguo, ndani ya bahasha. Unifungulie chapelle Jumapili, saa tatu, uwashe chauffage, chumba kipate joto kabla wazee hawajafika. Na Pasta akiuliza, usimwambie nimefunga. Mwambie Constant yuko mchangani, ameshika ubao.