Tulipotaka Kumpandisha Cheo Mzee Mansour

Mheshimiwa Diwani, uliyekubali kukaa nasi bila mkalimani. Ndugu Mwenyekiti wa Jumuiya yetu hapa Hayes, London. Mgeni wetu wa heshima, mwandishi Bi Emma Heneghan. Mama zangu na baba zangu. Nanyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango: Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kosa wanalofanya watu wengi wakisikia kwamba mwandishi ni Mwairishi ni kudhani kuwa huyo ni Mwingereza wa mbali kidogo. Nivumilieni nieleze, maana kueleza ndiyo kazi pekee niliyobakiwa nayo. Waairishi walitawaliwa na Waingereza karne nyingi, wakapokonywa ardhi, na lugha yao ikapungua vinywani hata wengi wakawa wanamtukana mtawala kwa lugha ya mtawala mwenyewe. Walipopata uhuru na bendera yao, walifanya nini? Wengi wao walipanda meli wakaja London kutafuta kazi kwa yule yule waliyemfukuza. Je, yupo mtu ukumbini humu ambaye habari hii ni ngeni kwake?

Baba yake Bi Emma alichimba mitaro ya mabomba katika mji huu. Kijijini kwao alijulikana kama mhandisi. Binti naye, kabla ya vitabu kumlisha, alisafisha ndege katika uwanja wa Heathrow zamu ya alfajiri, pamoja na Mzee Mansour wetu huyu aliyekaa mbele. Ndipo akaandika kitabu juu ya nchi yake na wafanyakazi wake, ambamo anasema bendera ni nguo, na nguo lazima awepo mtu wa kuifua. Sura moja inamhusu Mzee Mansour na mfagio wake. Leo tunazindua tafsiri yake ya Kiswahili.

Kwa Kiingereza kitabu hiki kimeuzwa miaka miwili na hakuna hata mmoja wetu aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyekisoma. Kiswahili ni jambo jingine. Kiswahili kitafika Unguja, na Unguja wako wakwe watarajiwa wa Miska, binti wa Mzee Mansour, wanaojua kwamba baba mtu ni mkuu wa usalama wa ndege. Yeye hakuwaambia hivyo. Alisema tu, "Nafanya kazi kwenye ndege," na sisi wengine tukammalizia.

Kamati ya Jumuiya ikatuma ujumbe kwa Bi Emma. Bi Mwanabaraka aliongoza, mimi nilichukuliwa kwa ajili ya mvi, na kutafsiri.

"Mwanangu, andika, hatukukatazi," alianza Bi Mwanabaraka. "Lakini mzee wa watu unamshikishaje mfagio mbele ya walimwengu?"

"Mama, mimi nilimkuta nao."

"Basi mpokonye. Mpe hata faili."

Bi Emma akakubali upesi mno, hata tukaingiwa na wasiwasi. "Sawa, awe afisa. Ila na baba yangu arudi kuwa mhandisi. Mama yangu hasemi nami kwa ajili ya mitaro ile niliyoiandika kitabuni."

"Hasemi nawe kabisa?"

"Krismasi huniletea kadi. Haitii saini."

Bi Mwanabaraka akaweka kikombe chini. "Na wewe nawe! Si ungemwacha tu mhandisi wa watu?"

"Ningemwacha, mama. Na mitaro angeichimba nani?"

Tulirudi na chai tumboni, hoja hatuna. Hapo ndipo, kama ilivyo desturi ya kamati, tulipomkumbuka mwenyewe tukamuuliza mwisho. Mzee Mansour akasema, "Niacheni na mfagio wangu. Lakini mkwe asiusikie kitabuni kabla ya kuusikia kwangu." Miska, kwa Kiingereza chake cha Hayes, akaongeza kwamba mchumba asiyeweza kumuoa binti wa msafishaji na asimuoe. Alisema hivyo, kisha akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Alhamisi Mzee Mansour alimpigia Bwana Sultan, baba wa bwana harusi. Ameniruhusu niyarudie maneno yake: "Bwana Sultan, mimi nasafisha ndege. Nafagia, naosha vyoo, nakunja mablanketi. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti mnayemtaka."

Upande wa pili ukajibu: "Nitakupigia, sheikh."

Leo ni Jumamosi, na hajapiga. Simu ile pale mezani, karibu na sambusa, ni ya Mzee Mansour. Tumemwomba aizime kwa heshima ya hafla, amekataa; ikilia, hotuba yangu itakatika, na sitanung'unika.

Bwana Sultan ni mfanyabiashara. Biashara gani? Hatujapata kuuliza, wala yeye hajapata kutaja. Mimi namdhania mema: huenda siku hizi mbili anatafuta namna ya kutuambia.

Bi Emma, ukurasa wako haukuguswa. Mzee Mansour, ulichokifanya Alhamisi kamati nzima haikukiweza. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunitegea masikio huku sambusa zikipoa. Ombi langu ni moja: leo hii, mkitoka hapa, kila mmoja ampigie mtu mmoja wa nyumbani, amtajie kazi anayoifanya.