Msinizike Katika Udongo Uliolala

Sogeeni wanangu, mnisikilize, na wewe kitinda mimba acha kulia, maana pumzi iliyobaki ni haba na sitaki kuimaliza kwa kumbembeleza mtu. Shamba la juu ni lenu, mgawane bila kutoana macho. Nyumba hii akae aliyeniuguza. Hayo hayanikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni pale mtakaponilaza, kwani nimewasikia mkinong'ona sebuleni kwamba mtanichimbia kwenye shamba langu mwenyewe. Sitaki!

Kaka yenu ananitazama kama mtu anayeweweseka. Siweweseki, mwanangu. Akili zangu ninazo.

Baba yenu alipomwoa mama yenu mdogo alitukatia shamba moja nusu kwa nusu, mpaka wetu ukawa mfereji tu. Na alikuwa na mtindo wake: kabla ya kupanda, kila mke achote koleo moja la udongo, aumwage juu ya gunia, yeye achuchumae autazame. Udongo wangu siku zile, jamani! Nyungunyungu wanene, jongoo, tandu, mchwa, vidudu vyeupe vidogo kama chembe ya chumvi vikirukaruka, na wengine hata majina siwajui. Baba yenu alicheka akasema, "Huu unatembea," na jioni ile akala kwangu. Mke mwenzangu akanuna, nami nikaosha vyombo huku naimba.

Halafu majira yakaharibika. Mvua iliyokuwa ikinyesha taratibu wiki nzima ikawa inamwagika yote mchana mmoja, inaondoka na udongo wa juu, kisha jua linakaa miezi na miezi likichoma mpaka mizizini. Mimi mwanamke msafi nilifagia shamba kama sebule, jani likianguka naliokota. Mke mwenzangu, yule mvivu, aliacha majani yaozee pale pale na miti isimame ovyo, nikamcheka mbele za watu. Kumbe chini ya uchafu wake kulikuwa na kivuli na unyevu, na viumbe vya ardhini vikajisitiri humo. Vyangu viliisha aina baada ya aina, nyungunyungu kwanza, kisha jongoo, hadi koleo langu likatoa sisimizi watupu. Baba yenu akachuchumaa, akasema polepole, "Mama watoto, huu umelala." Akahamishia kiti chake ng'ambo ya mfereji.

Bwana shamba alikuja akatueleza kwamba joto limeongezeka dunia nzima. Sawa, dunia nzima, lakini mbona mke mwenzangu lilimpita mlangoni? Nikamwaga majivu kando ya mfereji wote ili nyungunyungu wangu wasihamie kwake. Msicheke! Nilikuwa na hakika anawavuta. Hata leo, nikisikia ndege wakidonoa upande wake, roho inaniuma.

Baba yenu alipofariki akazikwa kule kule, chini ya miti ya yule, kama alivyousia mwenyewe. Sasa mimi mnataka nilale wapi? Kwenye ardhi isiyo na hata mdudu wa kunipokea, nikauke kama samaki juani, huku wao wawili wanageuka udongo mmoja? Mkataa pema pabaya panamwita, wanasema. Mimi pabaya paniite mpaka pachoke, siitiki.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Shamba langu msilifagie tena, wala msichome majani. Pandeni miti ya kivuli, kisha mkaombe vikapu vya udongo kwa mama yenu mdogo, pamoja na vidudu vyake, mkamwage kwangu penye unyevu. Atawapa. Ana roho nzuri, na hilo nalo linaniudhi.

Mungu awape watoto wenye heshima... awape mvua yenye adabu... mpendane, wanangu, msije mkagombana juu ya kaburi langu.

Wewe kaka yao, inama, sauti inakwisha. Kando ya baba yenu kuna nafasi moja. Mama yenu mdogo amejiwekea, anaipalilia kila asubuhi... kaizungushia maua. Mwambieni bi mkubwa ametangulia. Mnilaze hapo... bega kwa bega na mume wangu... na yeye, siku yake ikifika... mumpe upande wa miguuni.