Paja la Jogoo

Teksi ilipotoka Tororo, mama mmoja wa kijiji cha Paya aitwaye Akumu, aliyeketi mbele yangu, alikuwa amempakata jogoo. Alimweleza jirani yake wa kiti kwamba anampeleka Busia kwa mama yake mzazi. "Alipooza upande moja. Tangu Krismasi yeye nakunywa uji tu. Jana aliomba paja."

Jirani, Bwire, mchinja kuku wa sokoni, akatikisa kichwa. "Mpe kidari, dada. Kuku haruki, kwa hiyo kidari kina kano chache. Miguu inachakura kutwa, ndiyo maana paja limejaa kano ngumu."

"Lakini aliomba paja. Zamani sisi watoto tulikula paja, yeye nakula shingo."

Nami niliacha kujifanya nasoma simu.

"Basi lichemshe kwa moto mdogo, saa nyingi," akasema. "Kano zitayeyuka, mchuzi uwe mzito. Kisha chambua nyama kwa vidole. Ila mimi ningempa kidari."

"Wewe ungempa," Akumu akajibu.

Teksi ikasimama Busia. Akashuka na jogoo wake, akamuuliza dereva makaa yanauzwa wapi.