Mguu wa Kushoto wa Lyle Skogen

Mchungaji, ndugu waombolezaji, na majirani wote mliopambana na theluji kufika hapa, mimi ni Curtis Skogen, mdogo wake marehemu, na nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu katika watoto wanne wa mzee Torvald nimebaki mimi peke yangu. Nitasoma polepole, mnivumilie, nimechoka, na tangu Ijumaa sijapata usingizi wa maana.

Marehemu Lyle Torvald Skogen alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika shamba la wazazi wetu, maili kumi na nane kaskazini mwa mji huu wa Kerlin, hapa mashariki ya Montana, akiwa mtoto wa pili wa Torvald na Inga, siku ambayo barabara ilikuwa imefungwa na theluji na bibi yetu akalazimika kuwa mkunga. Alianza masomo mwaka 1962 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa karibu na shamba, akaingia sekondari hapa mjini mwaka 1970, akahitimu Mei 1974, na alama zake sitazitaja, maana mwenyewe aliniomba nisizitaje. Upinde wake wa kwanza alipewa na mjomba Nels mwaka 1969, na kuanzia hapo hadi mwaka jana hakukosa msimu wa kuwinda hata mmoja.

Tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa na idara ya barabara ya kaunti, akaendesha greda kwa miaka thelathini na nane, akachonga kila barabara ya changarawe mliyopita leo, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2014. Kutoka kwenye kiti cha lile greda aliwajua kulungu wa nchi hii mmoja mmoja, wale wetu wenye masikio makubwa kama ya punda, akajua dume gani linalala kwenye korongo gani, na siri hizo hakumwambia mtu ila mimi, na mimi mwenyewe si zote.

Tarehe 9 Juni 1979 alifunga ndoa na Marlys Haugen katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Janelle aliyezaliwa mwaka 1981 na Todd aliyezaliwa mwaka 1984, pamoja na wajukuu watano. Ndoa yao ilikuwa njema, ingawa shemeji Marlys aliwahi kuniambia kwamba mwezi wa tisa yeye hana mume, ana mgeni anayekuja kula, kulala na kuulizia soksi.

Mwaka 2011 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, alichokichukulia kama mzaha kwa miaka mingi, na kufikia mwaka 2019 nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi kabisa, daktari akamwambia mbele ya mkewe kwamba asitembee bila viatu hata ndani ya nyumba. Karatasi inaendelea kusema kwamba Septemba mwaka jana marehemu alikanyaga msumari gereji nyumbani kwake, kidonda kikaoza, na hicho ndicho kilichomwondoa. Hapo ndipo ninapoacha kuisoma karatasi hii, aliyoichapa Janelle kwa uaminifu wote, kwa sababu hakukuwa na msumari, na yanayofuata nimeyaandika mwenyewe kwa penseli huku nyuma.

Wengi wenu mnajua uwindaji wetu ulivyo, kwamba nchi hii haina mti wa kujificha, ni nyasi na vichaka vifupi hadi macho yanapoishia, na mwenye upinde lazima afike hatua thelathini kutoka kwa mnyama anayeona kila kitu. Kwa hiyo mmoja hukaa na darubini kwenye kilima cha ng'ambo, mwenzake hutambaa, na yule wa kilimani humwongoza kwa ishara, mkono wa kulia nenda kulia, kofia kichwani dume bado limelala, mikono yote miwili juu limeondoka, rudi. Tulifanya hivyo miaka arobaini na mmoja, na mwenye kilima nilikuwa mimi, maana sikuwahi kuwa na subira ya kutambaa.

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2022 nilimpitia asubuhi, shemeji akanifuata hadi mlangoni mwa pikapu akasema, “Curtis, huyu akivua buti tu, mrudishe. Mimi hanisikii tena, labda wewe.” Nikamjibu, “Usijali shemeji, sitamwachia.” Tulipotoka getini Lyle akaniuliza, “Ameshakupa masharti?” Nikasema ameshanipa. Akasema, “Basi wewe shika masharti yako, mimi nashika upinde.”

Saa sita mchana dume tulilolifuatilia majira matatu ya joto lilikuwa limelala kivulini chini ya ukingo wa korongo, na Lyle akalijia kwa juu, upepo ukimpiga usoni. Zilipobaki kama hatua mia nikamwona kwenye darubini anakaa chini, anafungua kamba za buti, kwa sababu nyasi zilikuwa kavu na buti hupiga kelele, kila mwindaji wa huku huzivua. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mikono miwili, uongo mmoja mdogo, angekasirika, angerudi, tungekunywa kahawa. Sikuinua. Nililitaka lile dume kuliko nilivyoitaka ahadi yangu, nikaacha kofia kichwani, naye akatambaa kwa soksi kwa muda wa saa mbili na nusu.

Upepo uligeuka akiwa amebakiza hatua arobaini, dume likaruka na kupotea, akasimama pale anacheka. Kisha hakuziona buti, rangi yake na ya nyasi ni moja, akazunguka kuzitafuta karibu saa nzima juu ya dungusi, ile mimea ya miiba inayojificha kwenye nyasi, hadi niliposhuka kumsaidia. Kwenye pikapu nilimng'oa miiba kumi na mmoja mguu wa kushoto kwa koleo, naye alikuwa anaongea habari za pembe, hakushtuka hata mara moja. Akasema, “Marlys asijue.” Nikamwambia, “Na mimi nasema nini basi?” Akasema, “Sema tulikosa.”

Mwiba wa kumi na mbili ulibaki ndani, na mguu ulipoanza kunuka, tarehe 29 Septemba, alimwambia mkewe habari ya msumari. Oktoba alikatwa vidole, Novemba mguu chini ya goti, kisha moyo ukashindwa, akafariki hospitalini Billings tarehe 3 Februari 2023, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Katika muda wote huo shemeji amekuwa akimwambia kila aliyekuja kumpa pole kwamba ni mbao zake, mbao za banda la kuku alizozibomoa akaziacha gereji na misumari yake, na ninyi mmekuwa mkimwambia asijilaumu. Nilikwenda Jumamosi kumweleza, nikamkuta anaosha vikombe, akasema, “Ningezichoma mapema, Curtis,” nikakausha vikombe nikaondoka. Naona haya kusema hivi, lakini uongo huo umesikika na watu wote, basi na ukweli usikike na watu wote.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia miezi minne, majirani waliolisha ng'ombe wetu, akina mama wa kanisa walioandaa chakula kilichopo ukumbini chini ya kanisa, na wenzake wa idara ya barabara walioleta mashine jana kuchimba udongo ulioganda. Anayetaka kuniambia neno baada ya ibada atanikuta, sitakimbia.

Hapa mwisho watu humwambia marehemu apumzike, naye nitamwambia, ila leo natangulia kwako, Marlys. Mbao zako hazikumgusa. Aliyekuwa na uwezo wa kumrudisha ni mimi, na nilikuwa namwona. Nenda nyumbani ukalale, shemeji. Lyle, na wewe pumzika, kaka yangu, kwa amani.