Nani Aanze Kumwimbia Anacleto

Wasikilizaji wapendwa, wa juu kilimani na wa kule bondeni, habari za mchana. Ni mimi Jurandir. Punguzeni moto wa maharage, mkae kidogo. Leo tunamkumbuka Anacleto Brandão, fundi rangi, mtunzi wa "Taa ya Jikoni". Anacleto ametutoka Jumanne. Tumemzika jana.

"Taa ya Jikoni" mnaijua nyote. Inaimbwa harusini, inaimbwa ndani ya treni. Inakuja polepole kama usingizi wa mchana, mtu anajikuta ameshaanza kuimba. Ndani yake mwanamume anaacha taa ikiwaka jikoni ili aliyeondoka aione njia ya kurudi. Basi. Hakuna zaidi, na nchi nzima imelia.

Sasa, nani aliyeondoka? Hapa kilimani tulijua wote, tukanyamaza. Si mkewe, Bi Iracilda. Bi Iracilda hajawahi kwenda popote. Ni Eulina, mshona nguo za kanivali, aliyehamia ng'ambo ya ghuba.

Desturi yetu ya samba ni ile ile. Mtunzi anaimba peke yake uwanjani. Akina mama wakiitikia, wimbo umezaliwa. Wakinyamaza, umekufa. Na kiongozi wa waitikiaji alikuwa nani? Bi Iracilda huyo huyo! Jumapili alipouleta wimbo huu uwanjani, Anacleto aliimba kafumba macho, rangi ya buluu bado iko kwenye kucha. Bi Iracilda akakunja mikono. Wenzake wakajizuia, wakajizuia, wakashindwa. Wakaitikia. Yeye, tangu siku ile, hakuuimba hata mstari mmoja. Ukimuuliza, anacheka: "Umeme nalipa mimi, mwanangu. Taa anawashiwa mwingine." Alicheka, lakini ilimuuma. Ilimuuma sana.

Jana, basi, makaburini. Jeneza limefunikwa bendera ya kikundi chetu cha samba, matari yamenyamaza. Mtunzi hashuki kaburini kabla wimbo wake haujaimbwa, na anayeuanzisha ni mjane. Tukamtazama mjane. Ukungu ulikuwa umeshuka, hata misalaba ilionekana kama inaelea. Bi Iracilda kimya. Mwanawe Nivaldo akamnong'oneza kwamba watu wanangoja. Nikasema moyoni, masikini Anacleto, anazikwa bila wimbo.

Ndipo Bi Iracilda akageuka, akatazama nyuma ya watu wote, ukutani, alikosimama bibi mmoja na mwavuli wake.

"Eulina, njoo huku mbele. Wimbo ni wako. Anza."

Bi Eulina akaja. Akaanza. Sauti ilimkatika, akaendelea. Mstari ukaisha, na hakuna aliyeitikia. Akina mama wote walikuwa wanamtazama Bi Iracilda.

Akaitikia. Peke yake, kwa sauti ile nzito tuliyoikosa miaka yote hiyo. Nasi tukafuata, wakubwa kwa wadogo, na mimi nililia, sioni haya kusema.

Wasikilizaji wapendwa, nyumba nyingi zina wimbo ambao mtu mmoja hauimbi. Tumfikirie leo mtu huyo, bila kumharakisha.

Pole kwako, Bi Iracilda. Pole, Nivaldo, pamoja na wajukuu wote. Na pole kwako, Bi Eulina. Hiyo ya mwisho si yangu. Asubuhi Bi Iracilda alikuja mwenyewe hapa studioni, akaniambia nisithubutu kuisahau.