Viuno vya Kwenye Simu

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, niliyekaa nyuma ya fundi cherehani na bintiye kwenye treni nikidhani nitasinzia. "Baba, lile duka kubwa la nguo linatumaliza," binti alisema. "Wateja wakiendelea kujipima wenyewe na kututumia vipimo kwa simu, tutapona." Mzee akaguna. "Tutapona? Suruali kumi na mbili zimerudi wiki hii! Kila mtu anaandika kiuno anachokitamani." Nilivuta tumbo ndani, kimyakimya.

"Si tumezifumua tukashona mikoba? Hakuna kitambaa kilichotupwa."

"Mwanangu, babu yako alituachia duka la suruali!"

Treni ikasimama. Binti akainuka. "Na mikoba yote imenunuliwa, baba. Mkoba haumwambii mtu kwamba amenenepa."